Pombe ya Sadaka ya Fulgensi

Siku niliposema sipiki tena pombe, watu wa Katindiuka walidhani ninaumwa. Nilikuwa nimepika kwa miaka ishirini na sita. Nimepika ya kilabu, ya ubatizo, ya kuezeka nyumba, ya kuvunia mpunga. Hata kutoka Mchombe waliniagiza. Madumu yalikuja matupu juu ya lori na kurudi yamejaa, utingo ameyabana kwa miguu yasirukeruke.

Pombe yangu haikuwa na siri yoyote. Mahindi niliyaloweka siku mbili, nikayachuja, nikayafunika kwa majani ya mgomba na gunia bichi juu yake, na kila asubuhi niliingiza mkono chini kupima joto. Yakishatoa mizizi kama ndevu za kambare, niliyaanika jua la siku tatu, nikayatwanga, hicho ndicho kimea. Wengine huharakisha, huanika jua moja wakakimbilia kinu. Mimi kitu cha kuharakisha sikijui.

Mwonjaji wangu alikuwa mume wangu, Fulgensi. Alfajiri kabla ya kwenda shamba alionja, akirudi alionja, na ilipofika miaka ya tisini alikuwa akitoka kwangu anakwenda kumalizia gongo kwa jirani. Watu walipotaka kunifariji walisema gongo ndiyo iliyomuua. Mimi sijifichi nyuma ya gongo. Alianzia kwangu. Macho yalimgeuka manjano, tumbo likajaa maji, akafa mwezi wa sita mwaka wa tisini na tano akiwa na miguu myembamba kama ya korongo. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo, na mwanangu wa kwanza, Viktor, akakabidhiwa kazi ya kulia mbele ya watu.

Viktor alikuwa anakunywa hata kabla ya hapo, lakini baada ya mazishi ilikuwa namna nyingine. Mkewe, Stefania, aliniita asubuhi moja nikaone. Viktor alikuwa amekaa kitandani anajaribu kufunga vifungo vya shati, vidole vinapiga kifua kama mtu anayepiga ngoma. Stefania akampa kikombe cha pombe. Alipokimaliza vidole vikatulia, akafunga shati lake, akaenda kazini kama kawaida. Hapo nilijua. Nilikaa chini kwenye mkeka sikuinuka mpaka jua likanifikia miguuni.

Sasa sisi, ukoo wetu, mlevi akizidi tulikuwa na dawa yetu. Tunamvusha mto. Ikifika majira ya kulinda ndege, mpunga unapoanza kubeba, watu wengi huhamia bugani, upande wa pili wa Kilombero, wanakaa huko kwenye madungu wiki baada ya wiki wakitupa udongo kwa kombeo. Huko hakuna duka wala kilabu. Mlevi anawekwa dunguni, anakaa wiki mbili bila tone, anarudi na mashavu. Kuna waliorudi kweli na mashavu. Wale ambao hawakurudi tulisema walikuwa na ugonjwa wao.

Shemeji yangu Evarist, kaka mkubwa wa Fulgensi na mkubwa wa ukoo wote, alisema Viktor avushwe. Nami nilikubali. Nilimfungia mwenyewe mchele, dagaa na chandarua. Tulivuka naye mimi, Stefania na Evarist, na mtumbwi ulipoondoka nilishukuru Mungu.

Siku ya kwanza alitoka jasho mpaka mkeka ukalowa. Siku ya pili hakula, akawa anaruka kila ndege akipiga bawa. Siku ya tatu mchana aliniambia nimtolee siafu kwenye chandarua. Hapakuwa na siafu. Alikuwa akiwaokota mmoja mmoja kwa vidole viwili, taratibu, anawaponda. Halafu akaanguka, akakakamaa, akaanza kupigapiga miguu, povu mdomoni. Evarist akasema ni Fulgensi huyo, amekasirika kwa kungojeshwa pombe yake, ile ya sadaka ya mwaka. Akataka afungwe kamba asijiumize. Mimi na Stefania tulimlaza Viktor ubavu ndani ya mtumbwi, kichwa kwenye mapaja yangu, tukavuka hadi Kivukoni, na pale mwenye pikapu ya samaki akatupeleka hospitali huku Viktor amelala juu ya matenga.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Restituta. Mwanamke mfupi, saa yake ameibandika kifuani. Aliuliza anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na ameacha lini. Nilipojibu la mwisho aliacha kuandika.

"Mama," akasema, "mwili uliozoea pombe kila siku haukatiwi siku moja namna hiyo. Mngemzika bugani."

Nikamwambia tulikuwa tunamtibu. Akasema anajua. Hakunigombeza, nami ningefurahi kama angenigombeza.

Walimpa vidonge vya kumtuliza, vingi siku ya kwanza, siku ya pili vikapungua, wakashuka navyo hivyo hivyo kama mtu anayeshuka ngazi. Wakamchoma sindano za vitamini. Uji, maji, uji tena. Siku ya tisa aliomba ugali na samaki wa kitoga, nikalia mbele ya mwenye kitanda cha jirani. Tulipotoka Restituta alituambia kwamba kila Jumanne alasiri kuna kikao kwenye mabenchi nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, cha wanywaji na watu wao wa nyumbani. Tukaanza kwenda.

Nilidhani nitakuta mahubiri. Sikuyakuta. Restituta alizungumza na kila mtu kwa mizani yake. Aliye na mazoea ya kunywa lakini asubuhi hatetemeki, alimwambia ale kwanza, anywe maji katikati, awe na siku za kupumzika katika wiki, asipande mtumbwi na pombe kichwani, na gongo aiache kabisa kwa kuwa hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Wajawazito na watoto, hata kulamba wasilambe. Anayetetemeka asiache peke yake nyumbani, wala asivushwe mto, aje pale apewe dawa. Na kwa walio kama Viktor alisema hakuna kidogo. Nilinyosha kidole nikauliza, hata funda moja? Akasema funda moja kwa Viktor ni kama kumwita mtu kwa jina lake. Ataitika.

Nikarudi nyumbani nikaosha mitungi yangu kwa majivu na maji ya moto mpaka haikunuka kitu. Wateja walikuja na madumu yao, wakaondoka nayo matupu. Wakaanza kuniita Sista Dosia, kwa kuwa jina langu ni Theodosia, na walipopita mlangoni walikunja mikono kama watawa. Niliwaitikia Tumsifu Yesu Kristo.

Basi, mpunga ukavunwa, ukafika mwezi wa nane, na mwaka wa Fulgensi ukawa umepita. Sadaka haikuweza kungoja zaidi.

Lazima niieleze hiyo sadaka kama tunavyoifanya sisi. Asubuhi ni misa. Padri akishaondoka, mtungi unaletwa kaburini, umepikwa na mjane mwenyewe. Mkubwa wa ukoo anajaza kata, kibuyu chenye mpini mrefu, anampa mtoto wa kwanza wa kiume. Mtoto anamwaga kidogo juu ya kaburi, anapiga funda moja, anairudisha kata ipate kuzunguka kwa wengine. Akishapiga lile funda, anakalishwa kwenye kigoda cha baba yake na kupewa panga lake. Tangu hapo shamba ni lake. Kabla ya hapo shamba liko mkononi mwa mkubwa wa ukoo, na asipopiga funda litabaki huko huko. Shamba la Fulgensi liko bugani, udongo mweusi, halijawahi kutunyima mpunga hata mwaka mmoja. Viktor ana watoto watatu.

Evarist alikuja akanikuta napepeta mchele.

"Shemeji, kimea umeshaloweka?"

Nikamwambia sijaloweka.

"Utaloweka lini?"

"Sitaloweka."

Akacheka, akadhani nimeishiwa mahindi, akaahidi kunitumia gunia. Nikamwambia mahindi ninayo, nguvu ninazo na mkono wangu haujasahau. Sipiki tu.

"Kwa hiyo ndugu yangu abaki na kiu huko aliko."

"Shemeji, ndugu yako alikufa ana tumbo kama mjamzito wa mapacha. Kiu ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Mimi simpelekei mtu ugonjwa kaburini."

Alikaa kwenye kinu changu bila kukaribishwa. Akazungumza kwa upole, na Evarist akiwa mpole ndipo wa kuogopwa. Alisema hakuna anayemtaka Viktor alewe. Ni funda moja la heshima. Hata padri anakunywa divai altareni.

"Padri hatetemeki asubuhi," nikamjibu.

Nikamwalika aje Jumanne asikie kwa masikio yake. Nilidhani hatakuja. Alikuja, amevaa koti na kofia ya pama, akakaa benchi la mbele, miguu ameitanua. Alimuuliza Restituta ni nani aliyempa kazi ya kufundisha koo za watu mila zao. Restituta akasema yeye mwenyewe kwao ni upande wa Mahenge, na sadaka ya baba yake ilifanywa na mtungi. Hakatazi sadaka. Anasema tu funda lile litafanya nini ndani ya mwili wa Viktor, na akifika tena pale alipofika mwezi wa nne, huenda safari hiyo wasiwahi kuvuka. Halafu akamuuliza shemeji yangu, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za nyumbani, yeye mwenyewe anaamkaje kabla hajanywa chochote.

Evarist alitazama mikono yake. Akaitia mifukoni mwa koti, akasimama, akaondoka. Hakurudi tena kwenye mabenchi yale.

Kesho yake nikasikia kazi ya kupika pombe ya sadaka amepewa Balbina. Balbina nilimfundisha mimi kupika. Alikuja kuniomba radhi, akasema dada Dosia, nisipopika mimi atapika mwingine. Nikamwambia akapike, ila mlangoni kwangu asipite na mtungi.

Nilimwendea Viktor. Nikamwambia tuache shamba. Tutakodi la mtu, tutalima vibarua, watoto watakula. Alikuwa anapasua kuni, hakusimama.

"Lile shamba nimelilima tangu niko darasa la tano," akasema.

Nikamwambia basi usiende kaburini. Akasema atakwenda. Nikamuuliza utafanya nini ukipewa kata. Alipasua magogo mawili kabla ya kunijibu.

"Sijui, mama. Ila wewe usinishike mkono. Ukinishika watasema ni mama yake aliyekataa."

Siku zilizobaki nililala vibaya. Nilijiuliza kama siyo mimi ninayempeleka shimoni kwa kiburi changu. Ningepika mwenyewe, pengine ningepika nyepesi. Nilikaribia kumfuata Balbina. Sikumfuata.

Siku ya sadaka jua lilikuwa kali mapema. Misa iliisha, padri akawasha pikipiki yake akaondoka, na watu wakabaki wamezunguka kaburi, karibu watu sitini, wengi wameshika vyombo vyao. Hakuna anayeonja kabla ya kata ya kwanza kuzunguka, na mitungi mingine haifunguliwi mpaka ule wa kaburini uanze. Hivyo walisimama juani, wanameza mate. Mitungi ilikuwa mitatu. Balbina alifunua ule wa mbele na harufu ikatoka. Niliijua bila kuitazama. Ilikuwa ya siku ya nne, imeiva, ila kimea kiliharakishwa jua moja. Na mimi mate yalinijaa mdomoni, siwezi kuficha.

Evarist akataja majina ya waliotangulia, kutoka wale waliobaki milimani ukoo ulikotoka mpaka Fulgensi. Akajaza kata hadi povu likamwagikia vidole. Akampa Viktor.

Viktor aliishika kwa mikono miwili. Nilisimama nyuma yake hatua mbili, mikono yangu nimeifunga ndani ya khanga. Niliona shingo yake. Ilikuwa imelowa.

Akainama, akamwaga kidogo. Watu wakaitikia. Kisha hakuinuka. Aliendelea kuinamisha kata, polepole, pombe ikashuka kwa mstari mmoja mpaka povu la mwisho likaanguka juu ya udongo.

"Baba anywe," akasema. Akairudisha kata.

Evarist alidhani amekosea. Akamwambia mbele ya watu, bila hasira, kwamba kidogo ni cha marehemu, funda moja ni lako. Akajaza tena. Viktor akapokea, akainama, akamwaga yote.

"Nimekwambia kidogo," Evarist akasema.

"Baba mkubwa, baba hakuwa anakunywa kidogo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifunika mdomo. Kicheko kikapita kwa wengine kama upepo kwenye mpunga, maana wote walikuwa wamemjua Fulgensi. Evarist hakucheka. Alijaza kata ya tatu, akamsukumia kifuani mpaka ikamrukia shati na suruali. Viktor akafunga macho. Alikaa ameyafunga muda mrefu hata nikaanza kuhesabu pumzi zake. Halafu akamwaga. Udongo wa kaburi sasa ulikuwa tope, pombe inatiririka kuelekea viatu vya wageni.

Evarist akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyemfundisha utovu huu wa adabu."

"Sikumfundisha," nikasema, na nilisema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Ningeujua, ningemfundisha zamani. Na baba yake ningemfundisha."

Viktor akanyosha mkono mtupu kumwelekea baba yake mkubwa.

"Jaza," akasema.

Akajaziwa ya nne. Mikono ya wote wawili ilikuwa inatetemeka, ya mzee na ya kijana, na kila mtu aliiona. Viktor akaimwaga.

Hapo alisimama shangazi Justa, dada yao Fulgensi na Evarist, ameshika bakuli lake la bati. Justa anapenda pombe na hajawahi kukana. Alimwambia kaka yake kwamba ametoka Mahenge tangu jana juu ya lori la mbao, makalio yote yanauma, na bakuli lake bado kavu.

"Fulgensi leo amekunywa kuliko siku ya harusi yake," akasema. "Mpe mtoto kigoda. Au unataka sisi wengine tunywe tope?"

Watu wakaitikia. Mmoja akasema kweli, mwingine akasema marehemu ameshatosheka, na wa tatu, ambaye jana yake alikuwa amekunja mikono ya utawa mlangoni kwangu, akasema mpeni, mpeni, jua linachoma. Evarist akatazama mtungi, akatazama watu wake. Kila kata ambayo angejaza ilikuwa inatoka kwenye vyombo vyao, nao walikuwa wameshapiga hesabu hiyo. Akakichukua kigoda akakitupa miguuni mwa Viktor. Panga akalichomeka kwenye tope.

Viktor akakaa. Justa akachota la kwanza.

Nilidhani Viktor atataka kukaa pale watu wamwone. Lakini aliniashiria kwa jicho, nikainama, akaniambia sikioni nimtoe, nguo zinanuka. Tulimchukua mimi na Stefania hadi pampu ya maji. Stefania akapiga mpini, mimi nikashika sabuni. Alijisugua mikono mpaka kwenye viwiko, mara tatu, akavua shati akalipiga kwenye zege kana kwamba limemkosea. Kisha akachuchumaa, maji yanamtiririka kichwani.

"Ya tano ningeinywa, mama," akasema.

Nilimsugua mgongo, kama nilivyomsugua alipokuwa mdogo, nyuma ya masikio na chini ya makwapa. Stefania akasema keshokutwa ni Jumanne. Viktor akasema anajua.

Niliporudi kaburini kuchukua mkeka wangu, mitungi yote ilikuwa imefunguliwa na mtu ameanza kuimba. Evarist alikuwa anafungua baiskeli yake. Alinyanyua kichwa akanitazama kwa macho mekundu.

"Leo mmepata," akasema. "Mwakani binti wa Viktor anapata komunio. Baadaye kuna harusi, kuna misiba. Kila kata atakayopewa ataimwaga?"

Nilikunja mkeka wangu, nikakung'uta mchanga.

"Ataimwaga," nikamwambia. "Mpike nyingi."